Lango la Chuo Kikuu na Wakati Ujao: Mafunzo ya Historia ya Elimu ya Juu Tanzania, 1961–1994

1.0 Utangulizi

Mijadala ya sasa kuhusu elimu ya juu huuzungumzia wakati ujao kana kwamba ni mgeni ambaye hajawahi kubisha hodi katika nchi hii. Husemwa kwamba kazi zinabadilika upesi, kwamba shahada ya miaka mitatu haimtoshi tena mtu kwa maisha yake yote, kwamba mfanyakazi atalazimika kurudi darasani mara kwa mara, na kwamba akili mnemba itachukua sehemu ya kazi ambazo wahitimu waliandaliwa kuzifanya. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, zinapotolewa bila historia humwacha msomaji akiamini kwamba vyuo vyetu havijawahi kuulizwa maswali ya namna hii, na kwamba majibu yote sharti yaagizwe kutoka nje.

Insha hii inaipinga imani hiyo. Inaonesha kwamba kati ya mwaka 1961 na 1994 Tanzania ilijaribu angalau njia tatu za kukifanya chuo kikuu kiendane na wakati: kubadili maarifa yanayofundishwa na kutafitiwa, kubadili masharti ya kuingia chuoni, na kubadili mahali na saa za kujifunzia. Katika kila jaribio yalijitokeza maswali manne, yaani nani aingie, ajifunze nini, kwa lugha gani, na kwa gharama ya nani. Hoja kuu ya insha ni kwamba mabadiliko yaliyodumu ni yale yaliyoigusa kazi ya kila siku ya kufundisha, kutafiti na kujifunza. Yale yaliyoligusa lango pekee, bila kugusa kinachofanyika ndani, yalirudishwa nyuma katika muda mfupi.

2.0 Chuo Kilichoanzia Mtaa wa Lumumba

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita hivi kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Hakikuwa na majengo yake. Kilianza katika jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, Kitivo cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Shahada zake zilitolewa kwa uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kilihamia Mlimani, mahali kilipo mpaka leo.

Uamuzi wa kuanza na sheria unastahili kuangaliwa kwa makini. Makerere ilikwisha kuwa na udaktari na kilimo, na Nairobi ilikuwa na uhandisi, lakini hakuna chuo katika Afrika Mashariki kilichokuwa kikifundisha sheria. Nchi iliyokaribia kujitawala ilihitaji mahakimu, waendesha mashtaka na waandishi wa sheria ambao wangechukua nafasi za maofisa wa kikoloni. Kwa hiyo, chuo kilizaliwa kikiwa na picha mahususi ya wakati ujao: dola changa, ofisi zilizo wazi, na kijana mwenye shahada anayeingia katika ofisi hizo.

Picha hiyo ilikuwa ya kweli kwa miaka michache. Mhitimu wa miaka ya 1960 hakutafuta kazi; kazi ilimtafuta yeye. Lakini nafasi zilizoachwa na wakoloni zilikuwa na idadi, na chuo kinachojengwa kwa ajili ya kuzijaza hulazimika kujiuliza kitakachofuata zikishajaa. Swali hilo lilikuja mapema kuliko ilivyotazamiwa, na lilikuja kwa sura ya mgogoro.

3.0 Oktoba 1966 na Swali la Deni

Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa takribani miaka miwili. Sehemu ya muda huo ingekuwa kambini na sehemu kubwa zaidi kazini, ambako mhitimu angepokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuupinga mpango huo. Mwalimu Julius K. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza wanafunzi wapatao 400 na kuwarudisha makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurejea baadaye.

Kwa mtazamo wa wanafunzi, walidaiwa kujitolea na watu ambao wao wenyewe walikuwa wakipokea mishahara minono. Kwa mtazamo wa Serikali, kijana aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima alikuwa na deni, na alikuwa akikataa kulilipa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na kitendo cha Rais cha kuukata mshahara wake kilikuwa namna ya kukiri kwamba malalamiko ya wanafunzi kuhusu tofauti za mishahara hayakuwa ya uongo.

Umuhimu wa tukio hilo kwa insha hii ni kwamba lilifichua jambo ambalo halikuwa limesemwa waziwazi mwaka 1961. Chuo kilikuwa kimewafundisha vijana sheria, fasihi na uchumi, na pamoja na hayo kilikuwa kimewafundisha kujiona kuwa tabaka jipya. Hakuna aliyeliandika hilo katika mtaala. Lilifundishwa na mabweni, majoho, chakula cha mezani na matarajio ya mshahara. Miezi minne baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa. Na mwezi Machi ulifuata waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo ulifanyika mkutano chuoni kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Chuo kililazimika kuuwaza upya wakati wake ujao kikiwa na umri wa miaka isiyofika sita.

4.0 Chuo Kinajifunza Upya: Historia, Kiswahili na Redio

Kilichofuata ni kipindi ambacho mara nyingi hukumbukwa kwa mijadala yake mikali ya kisiasa. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo katika miaka ya 1966–1967 na 1969–1974, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam. Wanafunzi walianzisha jarida la Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1970. Hata hivyo, nyuma ya kelele za mijadala kulikuwa na kazi ya kimyakimya, na kazi hiyo ndiyo iliyodumu.

Mfano wa kwanza ni Idara ya Historia. Terence Ranger, profesa wake wa kwanza wa historia, pamoja na Isaria Kimambo, A. J. Temu na wenzao, waliikataa dhana kwamba historia ya Afrika ilianza na ujio wa Wazungu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walishiriki katika mradi wa utafiti wa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905–1907. Walikwenda kwa wazee waliokuwa bado hai na kukusanya simulizi zao. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa kwa mtazamo huo mpya. Katika mradi wa Majimaji mwanafunzi hakuwa mpokeaji wa maarifa yaliyokwisha kuandaliwa. Alikuwa mtafutaji wake, na mwenye maarifa alikuwa mzee wa kijijini asiyejua kusoma. Kwa kazi hiyo peke yake, tofauti ya tabaka iliyofichuliwa mwaka 1966 ilipata jibu ambalo hotuba isingeweza kulitoa.

Mfano wa pili ni lugha. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Mwaka huohuo Idara ya Kiswahili ilianzishwa, nayo ikafundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Ililazimika kutafuta istilahi za isimu na fasihi, kuandika vitabu na kusahihisha mitihani katika lugha ambayo wengi waliamini haiwezi kubeba mzigo wa shahada. Kando yake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliendeleza kazi iliyokuwa na mizizi katika Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na mwaka 1981 ilichapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Mfano wa tatu ni elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa sehemu ya chuo kabla ya kupata sheria yake mwaka 1975, iliendesha mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikutana vijijini, vikasikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, kisha vikachimba vyoo na kusafisha visima. Washiriki walikaribia milioni mbili. Miaka mingi kabla ya watu kuzungumzia masomo ya masafa kwa njia ya kompyuta, taasisi ya chuo kikuu ilikuwa imeufikia umma kwa redio ya betri na kwa lugha inayoeleweka.

Mifano hii mitatu inafanana katika jambo moja. Hakuna hata mmoja ulioanza kwa kubadili masharti ya kuingia chuoni. Kila mmoja ulibadili kile ambacho mwalimu na mwanafunzi walikifanya Jumatatu asubuhi.

5.0 Azimio la Musoma, 1974

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo hukumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Azimio hilohilo lilibadilisha pia lango la chuo kikuu. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja chuoni. Alitakiwa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, kisha kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na hatimaye kupendekezwa na mwajiri wake na chama.

Ni vigumu kulisoma azimio hilo leo bila kushangazwa na ukaribu wake na mawazo yanayosifiwa sasa kuwa mapya. Kwamba kazi na masomo vipishane, kwamba uzoefu uhesabiwe kuwa sifa ya kuingia chuoni, na kwamba kusoma kusiwe jambo la ujanani tu: hayo yote yalikuwamo. Mwanafunzi aliyekwisha kufundisha, kusimamia shamba au kufanya kazi kiwandani aliweza kuja na maswali ambayo kijana aliyetoka shuleni hakuwa nayo.

Pamoja na hayo, utaratibu huo haukudumu. Sababu zake ni funzo muhimu. Kwanza, uliathiri makundi kwa namna isiyo sawa. Miaka mitatu au zaidi ya kusubiri ilikuwa kwa wanawake wengi ndiyo miaka ya ndoa na malezi, na idadi yao chuoni ilipungua kiasi kwamba baada ya muda mfupi waliruhusiwa kuingia moja kwa moja. Pili, pendekezo la chama lilichanganya vipimo viwili tofauti, yaani uwezo wa kusoma na uaminifu wa kisiasa. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, chuo chenyewe hakikubadilishwa vya kutosha ili kimpokee mtu wa aina hiyo. Mfanyakazi mwenye familia aliingia katika mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya vijana, akafuata ratiba ya kutwa nzima, na akasoma hisabati au fizikia kutoka pale alipoiachia mwanafunzi wa kidato cha sita, ingawa yeye alikuwa ameiacha miaka kadhaa nyuma. Lango lilitengenezwa upya, nyumba ikabaki ileile. Katika miaka ya 1980 utaratibu wa kuingia moja kwa moja ulirejeshwa.

Inaweza kudaiwa kwamba azimio lilishindwa kwa sababu ya hali ngumu ya uchumi iliyofuata, hasa baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya mwaka 1978–1979. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa fedha. Haliwezi hata hivyo kueleza ni kwa nini wanawake walipungua tangu mwanzoni, kabla ya vita. Kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe: ulimtaka mwanafunzi abadilike bila kukitaka chuo kibadilike pamoja naye.

6.0 Chuo Kikuu Huria

Wazo la kuwasomesha watu wazima wanaofanya kazi halikufa pamoja na utaratibu wa Musoma. Lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha Sheria Namba 17 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwezi Januari 1994 wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, alikuwa amewahi kukiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo alizifahamu vyema kuta za chuo cha bweni.

Tofauti kati ya mpango huu na ule wa 1974 ni ya msingi. Azimio la Musoma lilimwambia mtu aache chuo kwanza, afanye kazi, kisha aache kazi aende chuoni. Chuo Kikuu Huria kilimruhusu abaki kazini na asome. Ili hilo liwezekane, chuo kililazimika kubadili mambo yasiyoonekana kwenye lango: vitabu viandikwe ili visomeke bila mhadhiri, vituo vya mikoa vifunguliwe, mazoezi yasafirishwe na kurudishwa, na mitihani isimamiwe mbali na makao makuu. Mwalimu wa shule ya msingi wa Songea au karani wa Bukoba hakuhitaji tena kuuza ng'ombe ili apange chumba Dar es Salaam.

Njia hii nayo ilikuwa na ugumu wake. Anayesoma peke yake usiku baada ya kazi huchoka, huchelewa kumaliza, na wengine hukatia njiani. Isitoshe, chuo hiki kilizaliwa wakati Serikali ilipokuwa ikianza sera ya uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Deni ambalo mwaka 1966 lilizungumzwa kama wajibu wa mhitimu kwa taifa lilianza kugeuka kuwa gharama ya mwanafunzi kwa ajili yake mwenyewe. Kuundwa kwa Bodi ya Mikopo kwa sheria ya mwaka 2004 kulilikamilisha geuzo hilo: sasa deni linahesabiwa kwa shilingi na kukatwa kwenye mshahara. Ni utaratibu ulio wazi kuliko ule wa kambini. Lakini unapomkuta mhitimu asiye na mshahara, hauna jibu, kwa kuwa ulijengwa juu ya picha ileile ya mwaka 1961 ya kijana mwenye shahada anayeingia ofisini.

7.0 Lugha: Swali Lililoahirishwa

Kati ya maswali manne yaliyotajwa katika utangulizi, moja liliulizwa kwa ufasaha na halikujibiwa. Tume ya Rais ya Elimu, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982 chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985, na katika vyuo vikuu mwaka 1991/92. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya mihadhara katika karibu taaluma zote.

Hoja ya kukitetea Kiingereza haiwezi kupuuzwa. Maarifa mengi ya sayansi yamo katika lugha hiyo, na mhitimu anahitaji kusikika nje ya mipaka. Lakini uzoefu wa Idara ya Kiswahili, ya mradi wa Majimaji na ya kampeni ya Mtu ni Afya unaonesha kwamba kila mara chuo kilipovuka uzio wake na kuufikia umma, kilivuka kwa Kiswahili. Ikiwa wakati ujao unadai kwamba fundi, muuguzi na mkulima warudi kujifunza kila baada ya miaka michache, basi lugha watakayorudia si jambo la mapambo. Mtu wa miaka 45 anayetaka kuelewa ugonjwa mpya wa mihogo hawezi kwanza kupelekwa kujifunza Kiingereza.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba elimu ya juu Tanzania imewahi kukutana na wakati ujao zaidi ya mara moja, na kwamba haikukosa ujasiri wa kuukabili. Mwaka 1961 ilijenga chuo kwa ajili ya dola changa. Baada ya 1967 ilibadili namna ya kutafiti na kufundisha. Mwaka 1974 ilijaribu kulifungamanisha darasa na kazi kwa amri. Mwaka 1992 ilijaribu tena kwa kukipeleka chuo kwa mfanyakazi.

Mafunzo matatu yanajitokeza. La kwanza ni kwamba masharti ya kuingia ni sehemu rahisi zaidi ya chuo kuibadilisha na ndiyo inayoweza kurudishwa kwa urahisi uleule. La pili ni kwamba mpango wowote wa masomo ya maisha yote unapaswa kupimwa kwanza kwa yule atakayeumizwa nao kuliko wengine. Mwaka 1974 alikuwa mwanamke, na leo yaweza kuwa mtu asiye na umeme wa uhakika wala kifurushi cha intaneti. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona hadi Juni mosi, mwanafunzi aliyerudi kijijini alilijua hilo bila kuhitaji kusomewa insha. La tatu ni kwamba suala la deni bado halijamalizika. Kila kizazi kimelijibu kwa namna yake: kwa kambi, kwa azimio, kwa mkopo. Kizazi cha sasa, ambacho shahada haikihakikishii ofisi, kina haki ya kuuliza upya ni nani anamdai nani.

Vyuo vinavyoandaa mikakati ya miaka ijayo vingefanya vyema kuanza na kumbukumbu zake vyenyewe. Katika rafu hizo mna simulizi za wazee wa Majimaji zilizokusanywa na vijana wa miaka ya 1960 ambao hawakuwa na chombo cha kisasa zaidi ya daftari. Walichokuwa nacho ni swali la kweli, lugha ya kuliulizia, na chuo kilichokubali kwamba jibu lilikuwa nje ya uzio wake.